Mgongo wa Karatasi

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Winchi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Wenzake walikuwa wakilishika kapu la mashuka mabichi wawili wawili, huyu huku na huyu kule, wanahesabu moja mbili tatu ndipo wanainua. Yeye alifika, akapanua miguu, akalikumbatia kapu kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala, akalitua juu ya toroli. Kisha akajipangusa mikono kwenye aproni na kuuliza, "Nani mwingine mzigo umemshinda?" Msimamizi wao, mwanamume mfupi asiyekosa kalamu sikioni, alikuwa akiwaambia wafanyakazi wapya, "Mashine ya kukamulia ikiharibika tutaita fundi. Winchi akiharibika tutafunga."

Siku alipoharibika hakuwa hata amebeba kapu. Aliinama kuokota foronya moja, kavu, nyepesi, iliyoanguka karibu na meza ya pasi, na kitu kikamkamata kiunoni kama mkono wa mtu mwenye hasira. Akabaki pale pale ameinama, foronya mkononi, juu haendi, chini haendi.

"Unatafuta nini huko chini, Winchi?" akauliza mwenzake wa pasi, waliyemwita Mama Mvuke.

"Sitafuti kitu. Nimekwama."

Wakacheka, maana Winchi alikuwa mtu wa mizaha, na kicheko hakikukoma mpaka walipoona jasho linamdondoka puani. Hapo wakamlaza ubavu kwenye toroli la mashuka, magoti kifuani, na kwa kuwa gauni lilikuwa limepanda, Mama Mvuke kwa huruma zake akamfunika shuka mwili mzima. Huo ndio ukawa msiba. Toroli lilipopita kwenye korido ya wagonjwa wa nje, watu waliokaa kwenye mabenchi walisimama. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, Mungu awape nguvu wenyewe." Winchi alisikia kila neno. Akafumba macho na kubana pumzi, maana aliona afadhali wamdhanie maiti kuliko shuka liondolewe waone ni yeye.

Daktari alimchoma sindano, akampiga picha, akamwambia hakuna kilichovunjika. Diski za uti wa mgongo zimechoka kidogo, kama za watu wengi wa umri wake. Apumzike siku mbili tatu, kisha arudie shughuli zake taratibu, na apite chumba cha mazoezi ya viungo. Katika maneno yote hayo yeye alibeba nyumbani moja tu: zimechoka.

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alileta ubao akauweka chini ya godoro. Dada yake mkubwa akapiga simu kutoka alikoolewa. "Si nilikuambia? Ni ule ule wa mama." Mama yao mzazi alimaliza miaka yake ya mwisho akifagia huku uso unatazama vidole vya miguu, na mabinti zake wote wawili walikua wakiusubiri mgongo ule kama watu wanaosubiri mgeni aliyekwisha tuma salamu kwamba anakuja.

"Sisi wanawake wa nyumba yetu tuna mgongo wa karatasi," Winchi akamwambia mumewe simu ilipokatika. "Ukishakunjika mara moja, mstari haufutiki tena."

Mumewe aliendelea kuusawazisha ubao. Lakini mlangoni alikuwa amesimama binti yao na kikombe cha chai, na chai ile ilikuwa imeacha kufuka kwa jinsi alivyosimama muda mrefu.

Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wao wa pekee. Uani, mahali walipoishi familia nne, hakuna aliyemwita kwa jina la shuleni. Walimwita Panzi. Alikuwa na kamba nyekundu, na akianza kuruka, wenzake walimhesabia mpaka wao ndio wakachoka, wakaondoka kwenda kunywa maji, wakirudi wanamkuta bado yuko hewani.

Zile siku mbili tatu za daktari ziligeuka wiki, na wiki zikawa saba. Winchi alinunua mkanda wa mgongo kwa mchuuzi aliyekuwa akizunguka wodini kuwauzia wauguzi, ule wa kubandika na kubandua unaolia krrr. Ulipolegea akamtuma mumewe amletee mwingine, mpana, wenye vyuma ndani. Ule wa kwanza akausukumia chini ya kitanda. Hakuuona tena wala hakuutafuta. Alijifunza kuketi kama amemeza ufito. Kitu kikianguka alikiacha kilale hapo hapo mpaka Panzi arudi shule.

Panzi ndiye aliyekuwa akirudi kwenye ndoo za maji, kwenye dekio, kwenye beseni la nguo. Akiinua ndoo, sauti inamfuata kutoka kitandani. "Taratibu, mwanangu. Shika kiuno. Unaujua mgongo wetu." Akikimbia uani, sauti hiyo hiyo inatokea dirishani. "Utakuja kulia kama mimi." Asubuhi, mchana, jioni, mpaka yakawa kama salamu. Na aliyasema kwa mapenzi. Mtoto akitukanwa hujua ametukanwa, anakasirika, anasahau. Hofu anayopewa na mama yake mzazi, tena kwa sauti ya kubembeleza, hana namna ya kuikataa.

Wiki ya saba ujumbe ulifika kutoka kwa msimamizi. Nafasi yake wamemshikia mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kama anataka kazi nyepesi ya kukunja mashuka, alete barua ya chumba cha viungo. Kwa hiyo tarehe mosi Winchi akaenda huko alikokuwa akikwepa. Hakwenda kwa kuamini. Alikwenda kufuata barua.

Watu wa hospitali waliita mahali pale chumba cha mipira, kwa sababu ya mipira mikubwa ya rangi iliyopangwa ukutani. Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada kijana mwenye nywele fupi na raba nyeupe, wafuaji walimwita Nyoosha. Mashuka ya kitanda chake Winchi aliyafua miaka minne bila kujua nani anayalalia. Sasa akayalalia yeye, na nyuma ya pazia jembamba kulikuwa na benchi lililojaa watu wenye masikio.

"Mama, mkojo unauzuia vizuri? Haukutoki wenyewe, haukugomi?"

"Daktari, punguza sauti."

"Na huku chini, sehemu unayokalia, au mapajani kwa ndani, pana ganzi?"

"Mimi ni mke wa mtu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, simuulizi mume wako," Nyoosha akasema, wala hakucheka. "Aibu ya dakika moja, mama. Mtu akinijibu ndiyo kwa mambo kama haya, simpi zoezi hata moja, namkimbiza kwa daktari siku hiyo hiyo. Mguu kuishiwa nguvu, mkojo au choo kwenda ovyo, ganzi ya huko, homa, kukonda bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya. Huna?"

"Sina."

"Haya. Umelala muda gani?"

"Wiki saba."

Nyoosha akavuta kigoda, akaketi. "Msuli usiotumika unanyong'onyea. Ukinyong'onyea, kila ukijigeuza unauma. Ukiuma unaogopa, ukiogopa unalala. Umekuwa ukizunguka humo humo wiki saba."

"Lakini diski zimechoka. Picha ilionyesha."

"Na mvi zako hapo mbele zimeonekana pia. Zinauma?" Winchi akajikuta ameshika nywele. "Kuuma si lazima iwe kuharibika. Mgongo wako sasa hivi ni kama mlinzi aliyewahi kuibiwa. Hata paka akipita, anapiga filimbi. Hatumfukuzi mlinzi. Tunampitishia paka mmoja mmoja mpaka atulie."

Akamwonyesha mazoezi manne. Kulala chali na kuyumbisha magoti huku na huku. Kuinua nyonga juu, kushusha. Kupiga magoti na mikono chini, kuuviringisha mgongo na kuubonyeza. Kukaa kwenye kiti na kusimama, mara kumi, akiinamia mbele bila kujibana. Na kutembea, dakika kumi leo, keshokutwa kumi na mbili. Mkanda aupunguze kidogo kidogo mpaka auache. Kisha akampa kadi yenye visanduku, mistari minne kwenda chini, siku thelathini na moja kwenda pembeni.

"Ukifanya, weka alama ya vema, kama mwalimu anavyosahihisha. Ukikosa, acha wazi. Kisanduku kitupu hakinikasirishi, kinanifundisha. Tarehe ishirini na mbili uje nayo, nikiona umeanza naandika barua."

Mchana ule ule alitandika mkeka chumbani, akalala chali, akayumbisha magoti. Hayakuwa mabaya. Akapiga magoti na mikono chini. Alipouviringisha mgongo tu, kiuno kikamchoma, na wakati huo huo jirani akapita dirishani na ndoo.

"Jirani, umepoteza sindano?"

"Hereni," Winchi akasema.

Akasimama kwa kushika ukuta. Winchi mzima, aliyekuwa akibeba kapu la watu wawili, ametambaa sakafuni kama mtoto wa miezi minane, na jirani ameona. Akavaa mkanda, krrr, akarudi kwenye ubao. Kadi akaitia chini ya mto. Kesho yake alisema atafanya jirani akienda sokoni. Keshokutwa alisema mvua inamkaza. Baada ya hapo hakusema kitu.

Tarehe ishirini na moja, Panzi alipokuwa akifanya kazi za shule mezani, mama yake alimpelekea ile kadi.

"Mwanangu, nijazie hivi visanduku. Vema, vema, vema."

Panzi akatazama kadi, akamtazama mama. "Lakini hukufanya."

"Nimefanya moyoni. Jaza vyote, tupate barua."

Mtoto akajaza. Alitumia rula, ulimi kati ya meno, kila alama sawa na mwenzake, kazi safi kabisa, kama vile alivyofundishwa kwamba kazi ya mama haifanywi ovyo.

Kesho yake walikwenda wote wawili, maana Winchi hakubeba mkoba mwenyewe siku hizo. Panzi alisimama pembeni ya kitanda na mkoba begani, ametoka shule, bado yuko kwenye sare. Nyoosha akapokea kadi, akaisoma kutoka upande mmoja mpaka mwingine, taratibu.

"Leo tarehe ngapi, mama?"

"Ishirini na mbili."

"Basi hongera. Hujakosa hata siku moja. Na kesho umeshafanya. Keshokutwa pia. Umefanya mpaka mwisho wa mwezi."

Winchi alihisi uso unamshuka. Hakuwa ameitazama kadi alipopewa na mtoto. Aliikunja tu, akaitia mkobani. Nyuma ya pazia mtu akakohoa, na yeye akajua benchi zima linasikia.

"Nani aliyejaza?" Nyoosha akauliza, bila ukali.

Kabla Winchi hajafungua mdomo, Panzi akasema, "Ni mimi. Mama alikuwa amelala. Niliichezea kadi yake. Mama anafanya kila siku, mimi ndiye nimeiharibu."

Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Lakini neno hakulirudisha.

Angekuwa mtu mwenye moyo, hapo ndipo Winchi angemvuta mtoto kifuani na kusema ukweli. Nafasi ilikuwa wazi, hakuna aliyemkaba koo. Aliiona. Aliiona na akaipita. Akasonya, tss, akasema, "Watoto wa siku hizi, daktari. Nitamwonya nyumbani."

Mara nyingi baadaye, akipiga pasi, maneno hayo yalimrudia, akabonyeza pasi mpaka shuka likanuka kuungua.

Nyoosha akaiweka kadi pembeni. Alikuwa na kalamu mkononi, akaigeuzageuza, ikamponyoka, ikaviringika mpaka chini ya kitanda. "Binti, niokotee."

Panzi akatua mkoba. Kwanza akaitafutia miguu nafasi. Mkono mmoja akashika ukingo wa kitanda, mwingine akashika kiuno, akashuka kwa magoti, mgongo umenyooka kama ubao, na akiwa njiani akatoa sauti puani, mmh, ndefu, yenye uchovu wa mtu wa miaka sitini. Akaipapasa kalamu bila kuinamisha kichwa. Akapanda vile vile kwa awamu, akapumua, akamkabidhi Nyoosha.

Winchi aliijua sauti ile. Ilikuwa yake. Mkono ule kiunoni, pumzi ile ya mwisho, vyote vilikuwa vyake, vimevalishwa sare ya shule.

"Unaumwa wapi?" Nyoosha akauliza.

"Siumwi popote."

"Mbona umeshika kiuno?"

"Nauzuia."

"Unazuia nini?"

"Usikunjike," Panzi akasema, kama anayejibu swali la darasani analolijua vizuri. "Wa kwetu ni wa karatasi."

Nyoosha akamtazama Winchi, akaomba ruhusa kwa macho, akamgusa mtoto mgongoni. Mkono ukakutana na kitu kigumu. Chini ya gauni la sare kulikuwa na ule mkanda wa zamani, uliopotea chini ya kitanda. Ulikuwa mkubwa mno kwa kiuno kile, umemzunguka mara mbili, na kwa kuwa haukubandika tena, ulikuwa umefungwa kwa pini tatu. Walipoufungua, ngozi ya mtoto ilikuwa na mistari myekundu, imelala kama alama za mkeka.

"Tangu lini, mwanangu?" Winchi akauliza.

"Tangu ulipopata mpya. Huu ulikuwa hauna kazi."

"Na kamba je," Winchi akauliza, "wanakuita Panzi bure?"

"Niliacha. Kamba tunaanikia nguo."

Hapo Winchi akakumbuka. Wiki baada ya wiki alikuwa akitazama dirishani magauni yake yakipigwa na upepo juu ya kamba nyekundu, na hata siku moja hakujiuliza kamba hiyo mpya imetoka wapi.

Nyoosha akamwambia Panzi ainame mbele, ajipinde kushoto, kulia, aruke kwa mguu mmoja. Akampapasa uti wa mgongo kutoka shingoni mpaka chini. "Mgongo huu ni mzima. Mgongo mzima kabisa, umeumbwa kuinama na kuruka. Umenisikia?"

"Nimesikia, daktari," Panzi akasema, kisha akageuza macho akamtazama mama yake, akisubiri.

"Unaona, mama?" Nyoosha akasema kwa upole. "Masikio ananipa mimi, macho anakupa wewe. Naweza kumwambia mpaka kesho. Atavua akiona umevua."

Winchi alitamani toroli. Alitamani lile shuka la siku ile, ajifunike nalo kichwa, wapite naye kwenye korido watu wavue kofia. Benchi la nje lilikuwa kimya kabisa. Akajikaza kisabuni, akasema, na hakupunguza sauti.

"Kadi nilimwambia mimi ajaze. Yeye alinikumbusha kwamba sikufanya, nikamwambia jaza. Sikufanya hata siku moja, ila nusu ya ile ya kwanza. Na uongo wa sasa hivi ni wangu, si wake."

Panzi akafunika uso kwa viganja. Hilo lilimchoma Winchi kuliko yote, maana alidhani mtoto atafurahi kusafishwa, kumbe mtoto ndiye aliyeona aibu, kwa niaba ya mama yake.

Nyoosha akamletea maji. Hakumpa pole wala hakumgombeza. Alichukua ile kalamu akaiweka juu ya kiti. "Barua tutaiongelea baadaye. Iokote hii."

Winchi akashika ncha ya mkanda wake, ule mpana wenye vyuma, akaubandua. Krrr. Chumba kizima kilisikia. Akajihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akainama kuelekea kitini, na mlinzi akapiga filimbi yake.

"Inauma?"

"Inauma."

"Kama jana, au kama siku ya toroli?"

Winchi akafikiri. "Kama jana."

"Basi pumua, shuka nayo. Usibane."

Akaishika. Nyoosha akaichukua, akaiweka juu ya kigoda. Winchi akaishika tena, jasho linamtoka kama siku ile. Ilipowekwa sakafuni, ilimshinda. Alifika katikati akaogopa, akarudi juu. "Si lazima leo," Nyoosha akasema. Panzi alikuwa ametoa viganja usoni na anatazama, na Winchi aliona kwamba mkono mmoja wa mtoto, wenyewe tu, umerudi kiunoni.

Barua ikaandikwa, lakini haikuwa ile aliyoifuata. Haikusema huyu asiiname. Ilisema arudi kazini mwisho wa mwezi, aanze na makapu nusu, kila kapu washike wawili, abadilishe mkao kila baada ya muda, aongeze mzigo polepole. Na kadi mpya ikatolewa. Hii aliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya wa darasa la saba, na ilikuwa na visanduku vitupu. Jumanne moja, tupu. Ijumaa mbili, tupu. Siku ambazo kiuno kiliamka kibaya alifanya nusu na kuweka nukta. Alitandika mkeka pale pale dirishani. Jirani alipopita na kuuliza kama hereni haijapatikana, alisema, "Haikupotea. Nanyoosha mgongo, nilikuwa naona haya kukuambia." Jirani akatua ndoo. Akauliza zoezi lile linafanywaje, maana yeye mwenyewe kiuno humkaba asubuhi.

Siku aliyorudi kazini Mama Mvuke alimpokea mlangoni. "Karibu, marehemu." Wakavunjika mbavu, na yeye akacheka nao, ingawa shingo ilimwaka moto. Wakashika kapu wawili, huyu huku na huyu kule. Ilibidi ahesabu moja mbili tatu kama wale wapya. Msimamizi alisimama akitazama, kalamu sikioni, kisha akageuka akaenda zake, na hilo likamwingia zaidi kuliko kama angesema. Baada ya wiki chache walishazoea. Wengine wakamwita Nusu Winchi. Alivumilia.

Panzi hakuuacha mkanda wake upesi. Nyumbani alisema amevua, lakini akiinama kulikuwa na ugumu ule ule, na Winchi akikumbuka kadi hakuwa na uso wa kumwita mtoto mwongo. Aliacha kusema "shika kiuno". Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kuinua nyonga, maana maneno yalikuwa yamekwisha fika kwenye meno, akayameza. Ndoo aliinua mwenyewe, nusu nusu, Panzi anamwona. Sakafu alideki mwenyewe. Siku nyingine kiuno kiliuma akasema kinauma, akapumzika kidogo, akaendelea, Panzi anamwona. Ikapita karibu mwezi. Asubuhi moja ya Jumamosi akifagia chini ya kitanda, ufagio ukakutana na mkanda ule wa zamani umekunjwa vizuri, pini tatu juu yake.

Wewe mwenye mtoto, hili nakuomba ulishike. Mgongo ukikuuma, nenda uangaliwe. Ukipewa mazoezi, yafanye, na usiyofanya usiyaandike. Lakini zaidi ya yote, angalia unachomwambia mtoto kuhusu mwili wake, hasa ukiwa umelala na unaumwa na huna kazi nyingine ila kusema. Hatakuuliza ulikuwa unatania au la. Atakivaa chini ya sare na hutajua.

Jumamosi hiyo hiyo, jua la saa nne, Winchi alitoka uani kuanua nguo. Gauni moja lilimponyoka likaanguka chini. Majirani walikuwapo, wengine wanafua, wengine wanachambua mboga, na Panzi amekaa kwenye ngazi anamtazama. Winchi akainama mpaka chini kabisa, ardhini, akaliokota. Kiuno kilisema neno lake. Akapumua, akapanda. Kisha akazihamishia nguo zote kwenye waya wa jirani, akafungua ile kamba nyekundu ncha hii na ncha ile. Jua lilikuwa limeipausha upande mmoja. Akampelekea.

"Nisamehe, mwanangu. Ruka."

Panzi akaichukua, akaipima kwa miguu, akasimama katikati ya ua. Watoto wenzake wakaanza kusogea. Lakini hakuruka. Aliinua macho akamtazama mama yake, na Winchi akashtuka kuona mkono wake mwenyewe umeshika kiuno, wala hakujua ulifika huko saa ngapi. Akauondoa upesi. Akauacha uning'inie.

"Ruka," akasema tena.

Panzi akaruka. Tatu, nne, akakanyaga kamba. Akatazama. Mama akatikisa kichwa kukubali. Akaruka tena, na safari hii watoto wakahesabu mpaka wakachoka wakaenda kunywa maji.

Sasa ana miaka kumi na mitatu, anaruka, anabeba, anainama kama kawaida. Ila hata leo, kabla hajaishika kamba, kabla hajainua ndoo, anamtazama kwanza mama yake. Ni kitambo kidogo tu, mtu mwingine asingekigundua. Winchi anakigundua kila mara.